Mwandiko wa Genoveva

Saa moja kasorobo asubuhi Genoveva alikuwa juu ya stuli, anatundika mapazia ya sebuleni kwa bosi wake kwenye madirisha ya zahanati. Yalikuwa mapazia mazito, yana maua ya dhahabu, na yalikuwa bado yananuka vitunguu vya kukaanga. Chini yake Dokta Didas alizunguka na orodha mkononi. Sabuni chooni, ipo. Mashuka mapya, yapo. Mashine ya kupima sukari aliifuta kwa leso yake mwenyewe na kuiweka kwenye kabati la kioo, mahali mgeni hawezi kukosa kuiona. Haikuwa na vijiti vya kupimia tangu Ramadhani, lakini kioo hakisemi.

Ilikuwa siku ya tathmini. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuikagua zahanati hiyo ndogo ya Mbagala, nyuma ya soko, na kuipa nyota. Zahanati ilikuwa imeogeshwa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Hilo la kulia limepinda, Geno."

"Naliona, dokta."

Hakuwa analiona. Alikuwa anamtazama nesi Mauwa kupitia dirisha lilelile. Mauwa alikuwa amechuchumaa nje mbele ya benchi la wagonjwa, ameushika mkono wa mzee mmoja kwa mikono yake miwili, anamsalimia kwa Kimakonde. Mzee alicheka mpaka mapengo yote yakaonekana. Genoveva alilivuta pazia kwa nguvu. Miaka tisa alikuwa amewapokea watu hawa pale dirishani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumchekea hivyo.

Kwa miaka hiyo tisa yeye ndiye aliyefungua mlango na yeye ndiye aliyeufunga. Aliandika kadi, akachemsha vifaa, akadeki matapishi. Wagonjwa walimwita dada wa kadi. Mauwa alikuja miezi minane iliyopita, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Newala, ana diploma ya uuguzi na sauti ya kubembeleza, na ndani ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa unamwita kwa jina. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwahi kufanya kazi na Mauwa.

Wivu huo ungebaki kuwa wa moyoni tu kama Dokta Didas asingewaita wote wawili wiki iliyopita. Alisema hawezi kuendelea na watu wawili. Wakaguzi watawauliza wagonjwa ni nani anawahudumia vizuri, na atakayetajwa na wengi ndiye atakayebaki. Aliyasema hayo huku anachokonoa meno. Genoveva alikuwa na miaka arobaini na sita, hana cheti cha maana, na alijua hakuna zahanati nyingine ambayo ingemchukua.

Wakaguzi walifika saa tatu. Kiongozi wao, Bwana Audax, alikuwa na kitambi na kalamu mbili mfukoni. Mwenzake, Margareta, alikuwa msichana mwenye haraka. Margareta alitoa fomu za maoni, mgonjwa mmoja fomu moja. Lakini wagonjwa wa Mbagala wana desturi yao. Mtu akipewa karatasi huigeuza mara mbili, halafu anasema miwani ameisahau nyumbani. Hata ambaye hajawahi kumiliki miwani husema hivyohivyo, na hakuna anayemuumbua.

"Nani ana mwandiko mzuri hapa?" Margareta aliuliza.

"Geno," alisema dokta. "Kasomeshwa na masista huyo."

Ndivyo alivyoketi kwenye kona ya benchi na bunda la fomu magotini, mgonjwa mmoja baada ya mwingine akimnong'oneza sikioni.

"Nani amekuhudumia vizuri zaidi?" aliuliza.

"Mauwa," alisema fundi gereji.

"Nani?"

"Nesi Mauwa, dada. Yule mweusi mzuri."

Genoveva aliinamia karatasi. Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaandika, kwa herufi za duara zilizonyooka: Genoveva. Alitazama kushoto na kulia, akaona hakuna aliyeona, na moyo wake ukatulia vibaya, jinsi moyo unavyotulia baada ya kuiba.

Wa pili akasema Mauwa. Wa tatu Mauwa. Mama mmoja alimsifia Mauwa kwa kumshikia mtoto wakati yeye anatapika, na Genoveva akaandika kwamba Genoveva alimshikia mtoto. Kufika wa nane hakusita tena. Sikio lilipokea jina hili, mkono ukatoa lile.

Halafu akaja Bi Somoe, anachechemea, mguu wa kulia umefungwa bandeji safi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Dada wa kadi, mie yangu marefu. Uandike yote."

"Sema tu, bibi."

"Andika kwamba Mauwa kaniokoa mguu. Kaja kwangu mara nne kunifunga kidonda, na mvua inanyesha. Hajanidai kitu. Nikimwambia ahsante anasema mie ni bibi yake."

Genoveva aliandika. Aliandika polepole, kwa mkono wake bora kabisa, maana sentensi ile aliitamani. Genoveva kaniokoa mguu. Nani aliwahi kusema hivyo juu yake? Aliziona hata zile mvua, akajiona yeye mwenyewe ndani yake na mwamvuli.

"Endelea, bibi."

"Na kaniambia ukweli. Kasema, bibi, sukari usipimie hapa, mashine imekufa, wataandika namba tu. Nenda kwingine. Basi nikaenda. Hapa mliniandikia tisa. Kule wakakuta ishirini na mbili! Daktari wa kule kasema ningechelewa mwezi, mguu wangekata. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ishirini na mbili umeiandika?"

"Ipo hapa, bibi."

"Imekwisha hiyo?" Margareta alikuwa amesimama nyuma yake, mkono ameunyoosha. "Nipe, muda umekwenda."

Karatasi ilishatoka mkononi ndipo maneno yakamfikia Genoveva. Ile tisa ilikuwa yake. Dokta alikuwa amemwambia tangu Ramadhani: kijana mwandikie saba, mzee tisa, tusiwatishe watu. Alikuwa ameiandika daftarini kwa mwandiko huuhuu wa masista. Na sasa, kwa herufi hizohizo, alikuwa ameandika kwamba Genoveva anawaambia wagonjwa mashine ya Dokta Didas ni maiti. Alimwangalia Margareta akiingia ofisini, asiweze hata kumwita.

Wakaguzi walikula pilau ya kuku, wakanywa soda, wakaondoka saa tisa alasiri kwa vicheko. Mara tu gari lilipogeuka kona, dokta akawaita Genoveva na Mauwa.

Fomu ya Bi Somoe ilikuwa mezani, ina duara la maji la kitako cha chupa ya soda.

"Tumepata nyota tatu," alisema Dokta Didas, bila furaha. "Hii Audax kanirudishia. Kasema ikiingia kwenye hesabu, mbili zinaondoka. Mtu muungwana sana yule." Aliigonga karatasi kwa kidole. "Fomu nyingine zote wamekusifia wewe Geno, nikasema sawa, kumbe mwanamke ana watu. Sasa nakuuliza mara moja. Ni wewe uliyewaambia wagonjwa wasipime sukari kwangu?"

Mauwa alikuwa ameisoma karatasi kutoka upande wa pili wa meza. Alimtazama Genoveva, akatazama lile jina, na uso wake ukaelewa kila kitu.

"Dokta," alianza Mauwa, "hayo maneno..."

Genoveva alijua Mauwa anataka kukiri. Neno moja tu, au kunyamaza tu, na Mauwa angetoka mlangoni jioni hiyohiyo, kama Genoveva alivyokuwa akiomba kila usiku. Lakini alimwona pia akitoka: vikongwe wanalia, mtaa mzima unasimulia jinsi nesi Mauwa alivyofukuzwa kwa kusema kweli. Upole ni wake, sifa ni zake, na hata kuonewa nako kuwe kwake? Roho ilimuuma hata kwa hilo.

"Ni mimi," alisema Genoveva.

"Wewe? Uliyekuwa unaandika namba?"

"Ni mimi, dokta."

"Lete funguo."

Alizivua shingoni. Miaka tisa zilikuwa zimemwachia alama kwenye ngozi. Kwenye ukumbi Mauwa alimkimbilia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyowashika wazee.

"Da Geno, kwa nini? Mie ndiye..."

"Niache. Sijakufanyia wewe." Aliuchomoa mkono. "Na usinililie hapa, watu watadhani umefukuzwa wewe."

Alichukua kikombe chake na kanga yake. Nje, benchi lilikuwa limejaa wagonjwa wa jioni. Yule fundi gereji alikuwa amerudi, safari hii na mama yake, ameshika risiti. Juu yake iliandikwa kipimo cha sukari.

Genoveva alisimama mbele yao. Sauti yake haikuwa ya kubembeleza, haikuwahi kuwa.

"Mashine ya sukari imekufa. Tangu Ramadhani. Namba mnazopewa humu ni za uongo, nilikuwa naziandika mie kwa mkono huu. Mpelekeni huyo mama kwingine."

Mlango wa dokta ukafunguka.

"Kasema nani?" aliuliza fundi, anaitazama risiti yake.

"Genoveva."

"Genoveva ndiye nani?"

"Ndiye mie."

Mama mmoja aliyemjua tangu zahanati ifunguliwe, aliyeandikiwa kadi na yeye kwa watoto wanne, alimwangalia juu mpaka chini.

"Kumbe dada wa kadi," alisema, "unaitwa Genoveva?"