Nthenya Nzau ni Wangapi

Kathini aliacha kazi ya ofisi kule mjini Wote kwa ajili ya programu ambayo mtu yeyote angeweza kuichukua bure. Ana akili timamu huyu? Mumewe, Mbaluka, aliuliza swali hilo kila siku, tena kwa sauti.

Programu yenyewe iliweka rekodi za ndengu za ushirika wa Kalamba: mkulima anapima magunia, anapata ujumbe kwa simu. Kathini aliijenga juu ya kazi za watu wengine waliozitoa bure mtandaoni, naye akaiacha yake wazi vilevile. Alichouza ni utunzaji: kufundisha makarani na kurekebisha panapokwama. Kalamba ndio waliokuwa wateja wake wa pekee, na mkataba ulikuwa umekwisha.

Mwenyekiti wao, Mwau, akampigia simu. "Kathini, kuna kijana anaitwa Gedion ametuwekea hiyo programu yako. Yeye bei yake iko chini. Si ulisema ni ya kila mtu?"

"Nilisema," akajibu.

"Ifunge!" Mbaluka akafoka. "Unaibiwa ukiangalia."

"Siifungi. Kikundi cha mwethya walinichimbia mitaro shambani bure, sasa zamu ikifika kwa jirani nifiche jembe?"

Alikasirika, tusidanganyane. Alimkasirikia Mwau, akamkasirikia Gedion, akajikasirikia mwenyewe. Lakini siku ya kupima alifunga safari hadi Kalamba, akaketi karibu na mizani bila kualikwa.

Hata saa nne haikufika, kelele zikaanza. Nthenya Nzau alipima magunia mawili, simu yake ikasema matano. Binamu yake, Nthenya Nzau vilevile, alipima matatu na simu yake ikanyamaza. Wote wawili ni wajukuu wa Mzee Nzau, na kila mwana wa mzee alimpa binti yake wa kwanza jina la nyanya yake mzaa baba, kama ilivyo desturi. Gedion mwenyewe ana jina la babu yake, na bado jambo hilo halikumpitia akilini. Sasa jasho lilikuwa likimtiririka.

Kathini akasogeza kiti. "Hiyo nilirekebisha mwezi jana. Nilitenganisha watu na namba ya simu. Wewe ulichukua ile ya zamani. Kuja nikuonyeshe."

Baada ya dakika kumi kila Nthenya alikuwa na magunia yake.

"Hata hayo marekebisho ni ya bure?" Mwau akauliza.

"Bure kabisa."

"Sasa wewe tukulipe ya nini?"

"Ya kujua Nthenya Nzau ni wawili."

"Wawili?" Mwanamke mzee alisimama kwenye foleni, gunia lake la kwanza likiwa miguuni. "Na mimi je? Hao wameitwa jina langu. Mimi ndio bibi ya Mzee Nzau, nyanya yao. Na simu sina."

Watu wakaangua kicheko. Kathini alihisi uso ukimchoma, lakini mikono yake ilikuwa tayari inafungua kompyuta.

"Susu," akamwita kama nyanya yake mwenyewe, "keti hapa na mimi. Kitambulisho uko nayo?"

Mwau alimtazama akiandika, akamtazama Gedion aliyekuwa amesimama tu, kisha akamtuma karani alete mkataba wa Kathini.