Nipeleke Kwako

Nashoni Waitara hakuwa na cheti cha ustawi wa jamii. Baiskeli ya serikali aliyopewa haikuwa na breki ya nyuma wala kengele. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu bwana ustawi mwenyewe alikuwa masomoni, na yeye, tarishi aliyejifunza kusoma katika madarasa ya jioni akiwa mtu mzima mwenye ndevu, ndiye pekee aliyebaki ofisini ambaye angeweza kuandika ripoti ikaeleweka. Hakuwa na kofia. Na asubuhi ile, akiwa amesimama katikati ya chumba kisafi kupita kiasi, hakuwa na hakika anakagua nini.

"Umeona, Ndugu Mkaguzi," alisema Athanas, mwenyekiti wa kijiji. "Kitanda, blanketi, dirisha. Mimi mwenyewe chumbani kwangu sina dirisha."

Chumba kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya mjane mmoja aitwaye Bhoke, katika kijiji kipya ng'ambo ya Nyambureti. Watu walikuwa wamehamishiwa pale miaka miwili iliyopita kutoka kwenye maboma yao ya zamani, yaliyokuwa yametawanyika vilimani. Sasa nyumba zilisimama kwa safu, zote kimo kimoja, zote mlango upande mmoja, kama mahindi yaliyopandwa na mtu makini. Chumba kile alipewa kaka yake Bhoke, Heche, mtu wa makamo mwenye mvi kidogo, ambaye akili yake ilibaki ya kitoto wakati mwili ukiendelea na safari.

Barua ya mkoa ilikuwa fupi. Kila mwenye akili taahira anayetunzwa nyumbani akaguliwe. Anayetunzwa vema abaki. Asiyetunzwa vema apelekwe kituoni, huko mikoa ya kati, safari ya basi na treni, mahali ambapo Nashoni hakuamini kama kuna mtu hata mmoja ajuaye Kikurya.

Alilishika blanketi. Lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Halali hapa," alisema.

"Ndiyo tatizo lenyewe!" Athanas alipiga kofi. "Sisi tumempa. Yeye anazurura. Juzi Jumapili mama Regina, nyumba ya tano kutoka hapa, amerudi kisimani akakuta mwanamume amelala kitandani mwake. Ni huyu. Watu walimpiga kabla hawajamtambua. Siku nyingine watampiga baada ya kumtambua. Mchukueni, Ndugu, mtamwokoa."

Heche alikuwa amekaa kizingitini, kidonda kibichi juu ya jicho. Bhoke alisimama nyuma yake, macho chini, mkono wake ukishika kola ya shati la kaka yake kama mtu ashikaye ndama sokoni.

Nashoni alichuchumaa. Katika madarasa ya jioni mwalimu aliwafundisha kwamba ukitaka kujua jambo, muulize mwenye jambo. Akaona huo ndio mwanzo mzuri.

"Heche, unalala hapa?"

"Ndiyo."

"Unapigwa?"

"Ndiyo."

"Dada yako anakupiga?"

"Ndiyo."

Bhoke aliinua uso, akaushusha tena.

"Hakupigi?"

"Ndiyo," alisema Heche, akatabasamu kwa wema mkubwa.

"Ungependa kwenda mbali, kwenye nyumba kubwa yenye watu wengi?"

"Ndiyo."

"Ungependa kubaki na dada?"

"Ndiyo."

Athanas alicheka hadi akashika ukuta. "Muulize kama yeye ni Mzungu."

"Ndiyo," alisema Heche, bila kungoja kuulizwa.

Nashoni hakucheka. Alikuwa amekuja na maswali yake aliyoyaandika vizuri ofisini, na kila swali lilikuwa limejibiwa, na sasa alijua kidogo kuliko alivyojua alipokuwa njiani. Nje, kipande cha chuma kiligongwa. Ilikuwa saa ya shamba la kijiji. Athanas alivaa kandambili zake.

"Malizia, Ndugu. Jioni uniambie gari linakuja lini."

Alipokwisha kuondoka, Nashoni alikaa chini kabisa, ardhini, suruali yake ya kazi ikipata vumbi. Alimtazama Heche. Heche naye alimtazama, akingoja swali jingine apate kumfurahisha mgeni. Nashoni alikunja karatasi yake ya maswali. Lililomtoka halikuwa katika yale aliyoyaandika, na lilitoka kwa Kikurya cha nyumbani kwao.

"Mura," alimwita, kama aitwavyo kijana wa kwao, "nipeleke kwako."

Heche hakusema ndiyo. Alisimama.

Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akizigusa kuta kwa ncha za vidole kama mtu apitaye katikati ya ng'ombe wa watu wengine. Safu zilipokwisha, akaongeza mwendo. Nashoni alisukuma baiskeli nyuma yake. Nyuma ya wote alikuja Bhoke, na bakuli la ugali lililofunikwa kanga.

"Tata, turudi," alisema Bhoke, akimwita Nashoni baba kwa Kikurya. "Hajui aendako."

Lakini Heche alijua. Alivuka kijito kwa kukanyaga mawe bila kuyatazama. Akapita ukingoni mwa shamba la kijiji, kubwa, la mahindi, ambako vijana wawili wa zamu walikuwa wakiwarushia nyani mawe. Wakampungia mkono, naye akawapungia. Akapanda kilima kifupi, akapita kwenye uwazi wa ua wa minyaa, na hapo akasimama, akaichukua baiskeli mikononi mwa Nashoni, akaenda kuiegemeza kwenye jiwe.

Palikuwa ni mahame ya kwao. Zizi la mawe lilisimama bila ng'ombe. Nyumba kubwa ilikuwa imeng'olewa paa siku ile ya kuhama. Kuta zake zilikuwa zikiyeyuka kwa mvua. Lakini jiko dogo pembeni lilikuwa na nyasi mpya juu, na ua wote ulifagiwa. Ulifagiwa na mtu mwenye muda, mistari ya ufagio ikienda duara moja ndani ya jingine hadi mlangoni. Heche alileta kigoda. Alikiweka, akakitazama, akakigeuza ili mgeni asipigwe na upepo.

Kisha akaingia jikoni. Mlango ulikuwa mfupi sana. Aliinama vizuri, kama afanyavyo mtu mwenye nyumba.

Nashoni alikaa. Alihisi jambo kifuani, kama furaha, furaha ya mtu aliyepata jibu. Akafungua kalamu. Ndipo alipoiona kamba.

Ilifungwa kwenye nguzo ya jiko. Ilikuwa kamba ya katani, ndefu, mwisho wake una kitanzi kilichozungushiwa kitambaa ili kisichubue.

"Hii ya nini?"

Bhoke aliweka bakuli chini polepole. "Tata, usiandike."

"Ni ya nini, mama?"

"Ya mguu wake." Sasa alisema haraka, kana kwamba kasi ingepunguza uzito. "Usiku nalala naye hapa mimi au binti yangu, Mokami. Mchana lazima twende shamba la kijiji, tusipoonekana tunaandikwa. Nikimwacha kule kwenye nyumba za safu anapotea, anaingia kwa watu, wanampiga. Nikimwacha hapa huru, anashuka mtoni. Mama yetu alikuwa akichota maji mtoni, na yeye hajui kama mama alikufa. Mwaka juzi mto ulijaa, tukamtoa akiwa amekwisha kunywa maji. Ndiyo nikamfunga. Nikimfunga analia. Nikirudi namfungua, anacheka."

"Anafungwa kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

Nashoni alifunga kalamu. Kule kijijini palikuwa na kitanda, blanketi, dirisha, na hapakuwa na kamba. Na mtu akatoka na kidonda usoni. Hapa palikuwa na duara za ufagio, na kigoda kilichogeuzwa, na kamba. Alijaribu kupima, kipi kiende upande upi, kama afanyavyo karani wa ghala, lakini kila alipoweka kitu kwenye mizani, mizani yenyewe ilihama.

Heche alitoka na kata ya maji. Akampa.

"Heche, hapa ni kwako?"

Heche alimtazama dada yake, akaitazama kamba.

"Hapana," alisema.

Lilikuwa neno jipya siku ile. Nashoni alijaribu tena. "Basi turudi kijijini?"

"Hapana."

"Hutaki hapa, hutaki kule?"

"Hapana," alisema Heche, sauti ikipanda, kisha akachukua ufagio akaanza kufuta alama za magurudumu ya baiskeli.

"Umemchosha," alisema Bhoke kwa upole. "Akichoka ni hapana, akifurahi ni ndiyo. Usimsikilize sana maneno."

Kutoka shambani chini ilisikika kelele ya vijana wa zamu wakitukana nyani. Nashoni alisikiliza.

"Wale hukaa wapi mvua ikinyesha?"

"Chini ya mti. Wanalowa. Kibanda chao kiliungua."

"Na kila siku wapo?"

"Kila siku, hadi mavuno. Wakiondoka mchana mmoja tu, nyani wanamaliza safu nzima."

Nashoni alizitazama nyasi mpya za jiko, kisha shamba lile kule chini.

Jioni, Athanas alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake, jembe bado begani.

"Nielewe vizuri," alisema. "Serikali imesema watu wote wakae kijijini. Wewe, mtu wa serikali, unaniambia nimrudishe mmoja kwenye mahame."

"Kama mlinzi wa shamba la kijiji. Kibanda cha walinzi kipo tayari, lile jiko la mahameni, lina nyasi mpya. Vijana wa zamu wakae pale badala ya chini ya mti. Yeye ana macho, ana mikono ya kurusha mawe. Na mchana mzima atakuwa na watu."

"Vijana wale? Wale wanashindwa kuchunga vichwa vyao."

"Dada yake atawaonyesha."

"Na wakisinzia, akashuka mtoni?"

Nashoni alitazama upande wa mto. Athanas aliliona hilo, akatua jembe chini.

"Sikia, mzee mwenzangu. Ukimpeleka kituoni, akifa kule, amekufa. Hakuna atakayeuliza. Ukimwacha hapa akazama, watakuja kwangu, nami nitawaonyesha jina lako. Mimi sina ubaya na Heche. Ndiye aliyetubebea maji ya harusi yangu. Lakini jina liwe lako."

"Liwe langu."

"Basi Jumatatu nitawaambia vijana." Akaingia ndani, kisha akatoa kichwa. "Wakikataa, usinilaumu."

Asubuhi yake, kando ya barabara ya Mugumu, akielekea kijiji kingine cha kukagua, Nashoni aliandika barua akiwa ameweka karatasi juu ya tandiko la baiskeli. Aliandika kwamba Heche anayo nyumba, na yeye Nashoni ameiona. Kwamba anatunzwa na dada yake na binti wa dada yake kwa zamu, na kuanzia Jumatatu atakuwa mlinzi wa shamba la kijiji. Kwamba asipelekwe kituoni. Akafika mahali pa kamba. Aliandika, akafuta. Akaandika tena: *Ipo kamba. Nimeiacha palepale, kwa sababu kabla ya Jumatatu sina mtu wa kuweka mahali pake. Nitarudi kuitazama.* Akasoma mara mbili, asijue kama ameandika ripoti au ameungama. Akatia saini, herufi zote kamili, kama alivyofundishwa.

Lori la pamba lilikuja likitimua vumbi. Alilamba ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba hadi ukashika, akampa utingo aliyening'inia nyuma.

"Kwa ofisi ya wilaya. Mkononi, siyo mlangoni."

"Sawa, mzee."

Lori liliondoka. Hatua chache mbele likasimama tena, kwa ajili ya mama mmoja mwenye kuku. Mabishano ya nauli yalikuwa marefu. Mkono wa utingo ulionekana vizuri, na bahasha nyeupe ndani yake, ukifukuzia nzi. Nashoni alikuwa bado na muda wa kulifikia na kuiomba barua irudi. Alishika usukani wa baiskeli, mguu mmoja juu ya kanyagio, mwingine chini, akabaki vivyo hivyo hadi mama yule akavutwa juu na kuku wake, na vumbi likawafunika wote.