Miche Sita ya Ilka

Ilka alikuwa amepiga magoti kwenye roshani, kioo cha kukuzia jichoni, kengele ilipolia. Viganja vilimuuma. Zamu ya alfajiri kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali humwacha hivyo kila siku, na dawa ya maumivu ilikuwa imepanda bei tena. Dawa yake ya msimu wa baridi ilikuwa hapa, imeota kwenye ndoo sita.

Mlangoni alikuwa Pohlke, meneja wa kampuni yenye jengo. Aliingia kabla hajakaribishwa, moja kwa moja mpaka roshani.

"Jina la Torben halipo tena kwenye kibao cha kengele," alisema.

"Mwanangu kapata kazi Leipzig. Nalo ni kosa?"

"Sheria inasema mtu mzima mmoja, miche mitatu ya bangi. Mlikuwa wawili, sasa uko peke yako. Toa mitatu leo, la sivyo naita polisi, na barua ya kuhama itafuata."

Sheria ya nchi ilisema hivyo kweli. Ila Ilka alijua shida ya Pohlke haikuwa bangi. Wapangaji wa zamani walikuwa wakitolewa mmoja mmoja, vyumba vinapakwa rangi, kodi inapanda maradufu.

"Nipe wiki mbili, Bwana Pohlke. Miche mingi haijaonyesha ipi dume, ipi jike. Nikibahatisha leo naweza kubaki na madume matupu. Dume halina dawa, na likimwaga chavua, majike yote yanajaa mbegu."

"Bangi ni bangi."

"Na ng'ombe ni ng'ombe. Nenda basi kamkamue fahali."

Mlango ulifunguliwa tena. Mama yake Ilka, Edeltraud, anayekaa ghorofa mbili chini, aliingia akihema, mto kwapani. Roshani hazifichi maneno.

"Mimi ni mtu mzima," alimwambia Pohlke. "Kuanzia leo nakaa hapa. Hesabu upya."

Pohlke alitabasamu. "Karibu sana, mama. Funguo za chini utanikabidhi lini?"

Bibi kizee aliukumbatia mto. Alihamia kule chini jengo lilipokuwa jipya, na kodi yake bado ilikuwa ya zamani.

"Rudi kwako, Mama," alisema Ilka.

"Na mikono yako, mwanangu?"

"Rudi. Nyumba yako ndiyo anayoitaka huyu."

Alipiga magoti tena. Mche wa kwanza: pale jani linaposhikana na shina palikuwa na vipira viwili, kila kimoja juu ya kijiti chake. Dume. Aliung'oa bila huruma. Wa pili: vinywele viwili vyeupe. Jike. Aliusogeza nyuma yake, mbali na viatu vya Pohlke.

Minne iliyobaki haikuwa na kitu. Akatazama majani ya juu. Kwenye miwili yalikuwa yameanza kupishana, moja huku, jingine juu kidogo kule. Hiyo imekomaa, itajionyesha wiki hii. Kwenye mingine miwili majani bado yalitoka yakitazamana. Hiyo ni michanga, haitawahi kabla ya baridi. Ndiyo iliyokuwa na mashina manene kuliko yote, na ndiyo aliyoing'oa.

Akampakatisha Pohlke yote mitatu, mizizi ikidondosha udongo kwenye shati lake.

"Ulitaka mitatu. Hiyo."

"Tupa mwenyewe! Siwezi kushuka ngazi na bangi mikononi, watu wananiona!"

"Lifti mmeiacha mbovu tangu Pasaka, sina la kukusaidia. Au tusubiri hao polisi wako?"

Pohlke aliitupa sakafuni, akatoka akijipangusa.

Ilka alichukua ufagio. Mama yake alikuwa bado amesimama na mto wake.

"Na hiyo miwili ikiwa madume?"

"Nitabaki na mmoja."

"Mmoja haukufikishi Krismasi."

"Haunifikishi." Alisukuma udongo kwenye kizoleo cha taka. "Una viazi kwako?"

"Vipo."

"Bandika jikoni, na funguo zako usimpe mtu. Leo nakula kwako, na kesho, na mwakani pia."