Pande Zote

Mdogo wangu ni mwizi. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilificha. Aliingia nyumbani kwa mkunga mstaafu mchana kweupe, mwenyewe akiwa msibani, akatoka na televisheni na mtungi wa gesi. Walimkamata hata hajafika kona ya pili, kwa sababu mtu mwenye televisheni begani na mtungi mkononi haendi mbali. Watu walimpiga mpaka wakachoka wao. Nilipofika nami nikamchapa kofi moja mbele ya wote, ili wajue siko upande wake.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, milango, madirisha ya nondo. Mtaani wananiita Cheche, na hawakosei, nina hasira za karibu. Mdogo wangu walimwita Pande Zote. Jina hilo alilipata karakanani kwangu, alikofanya kazi miaka tisa, na ndilo lililotugombanisha.

Nieleze. Nondo ikishakaa kwenye fremu, inatakiwa ichomelewe kuizunguka, pande zote. Kazi hiyo inakula vijiti vya kuchomelea, inakula umeme, inakula muda. Kwa hiyo sisi tunadonoa. Unagusa nukta moja huku, nukta moja kule, unaziba kwa pati, unapiga rangi nyeusi. Mteja anatikisa, anaona imekaza, anaondoka anachekelea. Karakana zote zinadonoa, na atakayekwambia yeye hadonoi, muulize anaishi kwa nini. Lakini mdogo wangu alikuwa na kiburi cha mikono. Nondo moja anaishughulikia utadhani anamshona mgonjwa. Siku moja nikamwambia donoa, tumechelewa. Akanijibu, "Kaka, hii ikishapata kutu, hata mtoto anaing'oa."

Alinijibu hivyo mbele ya wateja.

Nilimfukuza siku ileile. Na watu walipoanza kuuliza inakuwaje mtu amfukuze ndugu wa tumbo moja, nikasema ana mkono mrefu, vijiti vyangu vinapotea. Nilisema kwa karakana ya jirani, ikafika ya tatu, ikafika zote. Hakuna aliyempa kazi tena. Alibeba mizigo, akachimba mashimo ya vyoo, mkewe akafungasha akaenda kwao. Mara mbili alikuja kuniomba nikanushe maneno yangu, na mara zote mbili nilimpa kisogo. Lakini sikumtuma akaibe. Hilo liwekwe wazi.

Sasa, dirisha la mkunga alilopitia nililitengeneza mimi. Mdogo wangu alishika fremu, mimi nikadonoa. Alijua lilipo na alijua lilivyo.

Polisi waliandika kwamba alivunja kwa mtaimbo, maana waliukuta uani kwake. Mtaimbo wenyewe ni ule wa kuchimbia vyoo. Yeye akasema alivuta kwa mikono, nondo mbili zikatoka. Wakacheka, wakaandika mtaimbo. Kisha wakaniita mimi, fundi wa dirisha, niwe shahidi.

Mama alikuja karakanani siku moja kabla ya kesi. Alikataa kiti.

"Karani wa mahakama kanieleza," alisema. "Kama hakutumia chuma, hakimu anaweza kumpa kifungo cha nje. Atafagia barabara, atalala nyumbani. Ikionekana alitumia chuma, ni miaka saba. Na mwenye kusema ni wewe."

"Mama, mwizi ni mwizi."

"Sijakuuliza mwizi ni nani. Nakuuliza lile dirisha linatoka kwa mkono au halitoki."

Nusu ya mtaa ule inalala nyuma ya madirisha yangu. Nikisema linatoka, kabla ya jua kuzama wangekuwa wamejaa mlangoni kwangu, na si kwa salamu.

"Halitoki," nikasema.

"Haya," alisema Mama, akaenda zake.

Mahakamani palifurika. Majirani ambao hawajawahi kumpa mdogo wangu hata kikombe cha maji walikuja mapema kuwahi viti, waone akikiona cha mtema kuni. Dirisha la mkunga lilikuwa limeegemezwa ukutani kama kielelezo, nondo mbili hazipo, nne zimebaki. Mtaimbo ulikuwa juu ya meza. Mdogo wangu alisimama kizimbani, jicho moja bado limevimba.

Hakimu, mama mmoja asiyependa kupotezewa muda, alimuuliza, "Una afya, una ufundi. Kwa nini uliiba?"

"Jina nilikuwa nalo tayari, mheshimiwa," alisema. "Vitu ndivyo sikuwa navyo."

Watu wakacheka. Mimi damu ilinichemka, maana nilijua hilo lilikuwa langu.

Nilipanda, nikaapa, nikasema dirisha ni kazi yangu na haliwezi kutoka bila chuma. Mwendesha mashtaka akaridhika. Hakimu akamgeukia mdogo wangu, ambaye hakuwa na wakili. "Una swali kwa shahidi?"

"Sina swali, mheshimiwa. Naomba avute nondo moja. Yoyote. Wewe mwenyewe uone."

Hakimu aliangalia saa, akaniamuru nivute.

Nilishika nondo ya tatu. Mikono hii imebeba mageti ya chuma miaka ishirini na mitano. Nilipoigusa tu, nilisikia pati ikipasuka chini ya kidole gumba, nondo ikacheza kama jino bovu. Ingetoka kwa mkono mmoja. Nilimwangalia mdogo wangu, naye alikuwa ananitazama bila chuki, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Alikuwa anangoja tu. Nikajipanga, nikakunja uso, nikatoa mishipa ya shingo, nikajifanya navuta.

"Haitoki, mheshimiwa."

"Vuta, kaka," alisema polepole.

"Nimevuta."

Akaomba basi askari naye ajaribu. "Fundi ameshavuta," alisema hakimu. "Hapa si uwanja wa kuvuta kamba."

Akapewa miaka saba. Watu walipiga makofi mpaka karani akawanyamazisha. Nje mkunga alinishika mkono, akasema mtu wa kusema kweli juu ya ndugu yake ni nadra. Wanaume wawili wakaniambia watakuja kesho asubuhi kuagiza madirisha. Sioni aibu kusema nilifurahi. Mama alipita pembeni yangu bila kunitazama.

Kesho yake wale wanaume walikuwa wamesimama karakanani, nawaeleza habari za vipimo, Mama akaingia. Alikuwa na nondo nne chini ya kwapa. Alizipanga juu ya meza yangu, moja baada ya nyingine.

"Za dirisha la chumbani kwangu," alisema. "Uliniwekea mwaka niliomzika baba yako. Ukaniambia, Mama, sasa lala bila hofu."

"Mama, tuongee nyumbani."

"Nimezivuta kwa mkono huu. Huu mwingine unauma." Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. "Nipeleke kwa hakimu. Mwambie nilitumia mtaimbo."

Mmoja wa wale wanaume aliinua nondo, akatazama ncha yake. Palikuwa na nukta moja, kubwa kama punje ya dengu, na kutu kuizunguka. Aliirudisha mezani taratibu. Mwenzake alikuwa ameshatoka.

Mchana wake nilipakia mashine kwenye mkokoteni, nikaisukuma mwenyewe mpaka kwa Mama. Nilichukua na boksi zima la vijiti. Nilikusudia kuzichomelea nondo zake pande zote, bila kubakiza hata upenyo wa sindano. Alinikuta nakagua fremu, akaja akasimama kati yangu na dirisha.

"Liache wazi."

"Mama, wezi wataingia."

"Waingie. Namsubiri anayejua kuchomelea."

Nilitaka kumfokea. Ana miaka sabini na sita, na nilikuwa nimeshajumlisha saba juu yake.