Posa Iliyosahihishwa

Majaliwa aliandika barua ya posa kwa mkono wake, mjomba wake akaipeleka Shinyanga mjini. Baada ya wiki ikarudi.

Mzee Abdulshakur, baba yake Swaumu, binti aliyeposwa, alikuwa amefundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na mmoja. Barua aliisahihisha kwa wino mwekundu. Majaliwa, mchimbaji wa Nyarugusu, alikuwa ameeleza kwamba duara lao limetema, kwa hiyo yuko fiti kuvuta jiko. Mzee alizungushia "limetema" akauliza pembeni: "Limetema nini? Mate?" Chini akaandika: "Arobaini na mbili kwa mia. Lugha ya mitaani. Rudia."

Swaumu alipiga simu. "Tafuta mtu akuandikie."

"Si atakuoza kwa huyo aliyeandika?"

Majaliwa alikaa siku mbili na kalamu, ameudhika, kisha akarudia maneno yaleyale. Safari hii aliyafafanua. Duara: shimo tunalochimba dhahabu. Kutema: kutoa dhahabu. Kuvuta jiko: kuoa, na hili hata nyie wa mjini mnalisema.

Barua ya pili ilipomfikia, mzee aliisoma mara mbili. Kesho yake akapanda basi kwenda Nyarugusu kuhakiki.

Aliwakuta wachimbaji wamepumzika kando ya shimo. Majaliwa akampa shikamoo. Mzee akafungua daftari.

"Kwa nini mnasema limetema?"

Boaz, aliyechimba na Majaliwa duara moja, ndiye aliyejibu. "Mwalimu, kwanza linatumeza sisi. Tunaingia asubuhi, tunatoka jioni, miezi minane, hatuna kitu. Siku likitoa, wewe ungesemaje?"

Mzee alichungulia ndani ya duara.

"Limetema," akasema. Akaandika.

Mchana Majaliwa alimpeleka nyumbani kwa mama yake, mkulima wa mpunga ambaye Kiswahili hukitumia sokoni tu. Mama alisimama mlangoni akamwamkia mgeni kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Nzuri sana," akajibu mzee.

Mama hakusogea; salamu hiyo hujibiwa kwa neno hilohilo. "Mwadila."

Mzee alimtazama Majaliwa. Majaliwa akatazama chini. Shinyanga mzee alifika kabla kijana huyu hajazaliwa, na Kisukuma hakuwahi kujifunza.

"Mwadila," akajaribu.

"Mwadila nani?"

"Mwadila... mayo."

"Mayu," mama akamrekebisha, kwani ndivyo Wasukuma humwita mama. "Mayo ndiyo nini?"

Alimfanya arudie mara nne, bila kucheka, ugali ukipoa ndani. Mara ya nne akampisha mlangoni na kumpa maji ya kunawa.

Mzee alikula. Alipomaliza tonge la mwisho akasema, "Wazee wenu waje Jumamosi, baada ya adhuhuri. Tupange ndoa."

Mama alimuuliza mwanawe kwa Kisukuma mgeni amesema nini. Majaliwa alimweleza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta sahani ya mzee, akamwongezea ugali.