Moto wa Ukurasa wa Saba

Jumatatu ya kwanza ya Machi 1961, saa mbili na nusu asubuhi, Halina Zawadzka alikuwa akipaka ukurasa wa sita wa katuni za Kapteni Pambazuko pale dubwana la hadithi lilipoinua mguu, likavuka mstari wa picha na kushuka mezani. Likapiga teke kikombe cha maji ya brashi. Jadwiga, mkubwa kwa umri kati ya wanawake wa karakana, alilitupia kitambaa na kuliambia lifute lenyewe, maana sakafu ilipigwa nta Jumamosi.

Kwenye karatasi lilikuwa na urefu wa ghorofa ishirini. Kwa kubanana pale kwenye fremu lilitoka na ukubwa wa mwanamume mnene, magamba mwili mzima, mikono sita. Jina lake lilikuwa Drogumo, na kwa adabu, usipime. Aliomba radhi, akafuta, akauliza kitambaa kianikwe wapi.

Karakana ile ya Ansonia, mji wa viwanda huko Marekani, ilikuwa na wanawake saba, mabinti na wajukuu wa Wapoland waliokuja bondeni kufuata viwanda. Waliandaa rangi za katuni kabla hazijaenda kwenye mtambo wa kuchapia, lakini rangi zenyewe hawakuziona. Kila rangi ilikuwa na karatasi yake ya plastiki, nao walipaka wino mzito wa kahawia popote palipoandikwa namba. Anga ilikuwa namba, shavu la msichana lilikuwa namba, na moto nao namba. Moto ulikuwepo kila mwezi, kwa sababu wakaguzi wa katuni wa New York walitaka uovu uadhibiwe. Kwa hiyo Kapteni alilichoma dubwana ukurasa wa saba, na wa nane waliachiwa watu wa mjini washukuru.

Drogumo alijua. Ukurasa wa saba ulikuwa umebanwa kwenye kamba mbele yake, mistari mitupu, ukingoja kupakwa. Aliutazama, akaomba apewe kazi ya kufanya. Wakampa vifuniko sita vya chupa za wino avishike.

Saa sita walimgawia kabichi iliyoviringishiwa nyama, wakatoka naye hadi kando ya mto. Huko ndiko alikowauliza kama wanapenda kurushwa. Jamani, wanawake wale! Aliwarusha sita kwa mpigo, juu kupita bomba la moshi la kiwanda, akimdaka kila mmoja kwa mkono wake, na wa saba akingoja zamu huku akilalamika. Jadwiga, miaka sitini na mmoja, mishipa ya miguu imemvimba, alipanda mara nne na kugombania ya tano. Alisema kutoka juu ameziona nguo za dada yake kwenye kamba, na hazikutakata. Stefania alicheka mpaka meno yake ya bandia yakaangukia mtoni. Wiki nzima wakawa hivyo, wanarudi mezani nywele timutimu, na kazi hailali hata siku moja.

Alhamisi zamu ya ukurasa wa saba ikamwangukia Halina. Miaka kumi na moja alikuwa amechoma madubwana mia na zaidi, na hakuwahi kufikiri juu ya hata mmoja. Sasa huyu alikuwa amekaa ubavuni mwake, anammenyea yai.

"Utaumia?" akamwuliza.

"Sijui, dada. Sijawahi kufika huko."

Halina akairuka ile namba. Hakupaka moto kwenye karatasi ya njano, wala kwenye ile ya nyekundu. Kwa kosa kama hilo mtu hufukuzwa siku hiyohiyo, na wenzake waliliona, wakainamia kazi zao.

Baada ya wiki mbili nakala zilirudi kutoka mtamboni. Ukurasa wa saba, Kapteni Pambazuko alikuwa akimpulizia Drogumo weupe mtupu, utadhani anampulizia unga. Drogumo alijipapasa kuanzia pembe hadi mkia, akajikuta mzima. Jumamosi walimpeleka kwenye ukumbi wa kanisa, akacheza dansi ya polka na wanawake watano na padri, wote kwa pamoja, na Halina akalia kwa furaha bila kujificha.

Jumatatu mwenye karakana, Bwana Prentiss, alishuka na nakala mkononi. Halina alisimama akiri kosa. Bwana Prentiss hakumtazama. Alikuwa akiitazama mikono ya Drogumo.

Akampa brashi sita, na kufikia Jumatano Drogumo alikuwa amemaliza kazi ya wiki nzima, akizitumia zote kwa wakati mmoja. Ijumaa wanawake watano wakaitwa ofisini, Halina akiwemo.

"Mabinti, msichukulie vibaya," alisema Bwana Prentiss, ingawa wawili kati yao walikuwa na wajukuu. "Mikono ninayo ya kutosha."

Drogumo aliingia na kusema kwamba hao wakiondoka, yeye naye anaondoka. Bwana Prentiss akafungua nakala ukurasa wa saba na kuweka kidole palepale penye weupe. Kumbe aliuona tangu mwanzo. Alieleza taratibu kwamba kitabu kinaweza kuchapwa upya, na kwamba kuujaza moto ule ni kazi ya mchana mmoja. Drogumo akarudi mezani.

Halina alikuja kuchukua aproni yake wiki iliyofuata. Alimkuta Drogumo ameinamia toleo jipya, na Bwana Prentiss amesimama nyuma ya kioo cha ofisi, ile nakala yenye weupe mkononi. Ukurasa wa sita ulikuwa na dubwana jingine, dogo, masikio marefu, limeshautoa mguu mmoja nje ya mstari. Mbele ya Drogumo ulikuwa ukurasa wa saba, wa kulichoma hilo dogo. Alikuwa amechovya brashi zote sita na hajapaka chochote.

"Huyu mdogo ananiita kaka," Drogumo alisema bila kuinua kichwa.

Halina alikunja aproni yake. Alikitazama kile kimguu, akamtazama Bwana Prentiss, kisha akamwekea Drogumo mkono begani.

"Basi paka upesi," akamwambia. "Usimweke mdogo wako akingoja."

Drogumo akapaka upesi, kwa mikono yote. Moto wa toleo lile ulitoka mwekundu barabara, na kitabu kiliisha madukani kwa siku nne.