Mwanya Kwenye Uzio wa Mkonge

Mkonge ule haukufanana na wa Tanga. Ulikuwa mfupi, umekaa chini kama kabichi, majani yake mazito ya rangi ya kijivu, na kila jani liliishia kwenye mwiba mweusi mgumu kama msumari. Mbegu zake zililetwa na mtaalamu mmoja wa kigeni kutoka jangwa la milimani huko Amerika, ambako mchana jua linachoma na usiku theluji inaanguka. Shamba la ngano la serikali, kwenye tambarare za Hanang, lilikuwa limeshajaribu kuotesha uzio wa mkonge wa kawaida. Baridi ya Julai iliuunguza, majani yakalegea na kuwa meusi. Mtaalamu akasema huu mwingine hautakufa. Kisha mkataba wake ukaisha, akaondoka, na mbegu akabaki nazo Tekla Akonaay.

Tekla alikuwa binti wa Nambis, kule juu Mbulu, mwenye cheti cha kilimo na kazi ya kutunza kitalu. Hakuwa amewahi kuuona mmea wa namna hiyo. Mbegu za kwanza alizipanda kwenye udongo mweusi wa pale pale shambani, akamwagilia kama miche ya kabichi, na zote zikaoza. Ndipo akaelewa kwamba mmea huu hauuawi na baridi wala kiu. Unauawa na maji yanayotuama. Akatengeneza matuta ya juu, akachanganya udongo na mchanga na changarawe, na maji akawa anatoa kidogo sana, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Mchanga aliuchota korongoni karibu na boma la mzee Gidahosh, mfugaji wa Kibarbaig wa upande wa Gehandu. Siku ya kwanza alisimama mbali, akasalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mchanga unaupeleka wapi? Unajenga?"

"Hapana baba. Ninalea mimea."

Mzee alicheka. Kwao mchanga haukuwa chakula cha kitu chochote. Lakini alimruhusu, na tangu siku hiyo kila Tekla alipofika na mkokoteni wa punda, mke mkubwa wa Gidahosh alimpa kibuyu cha maziwa ya mgando. Tekla aliishi peke yake kwenye nyumba za wafanyakazi, mbali na kwao, na pale bomani alipata watu wa kumuuliza kama amekula.

Miche ilikua polepole. Ilipita miaka mitatu ndipo ikafikia ukubwa wa sufuria, na kuzunguka kila mmea mama kukachomoza machipukizi, ambayo Tekla aliyatenga na kuyaotesha upya. Aliipenda kazi ile. Asubuhi za baridi kali, umande ukiwa umeganda mweupe juu ya majani, alipita katikati ya matuta akigusagusa, na hakuna mche uliokuwa umeungua.

Siku moja Gidahosh alikuja mwenyewe kitaluni, akaegemea fimbo yake.

"Mwanangu, nasikia hii ni ya kutufungia."

"Ni uzio wa shamba, baba. Ng'ombe wasiingie kwenye ngano."

"Na njia yetu ya kwenda kwenye maji?"

"Meneja amesema wataacha mlango pale bondeni."

Meneja Gervasi alikuwa amesema hivyo kweli. Lakini ulipofika wakati wa kupanda, aliitandaza ramani juu ya meza na mstari ulikuwa mmoja, bila kukatika.

"Mzee, na mlango wa wafugaji?" Tekla aliuliza.

"Mlango wa nini? Nikiwapa njia, kesho watataka malisho. Panda."

"Lakini tuliwaahidi."

"Wewe uliwaahidi. Mimi nilikuwa nafikiria tu. Panda, Tekla."

Akapanda. Sehemu zote aliinua udongo kama inavyotakiwa, akaweka kila mche juu ya kituta. Alipofika bondeni, pale njia ya ng'ombe ilipopita, aliwatuma vibarua wakaanze upande wa pili, akachimba mashimo yeye mwenyewe. Aliyachimba marefu, akaizamisha miche mpaka moyo wake ukawa chini ya usawa wa ardhi, na udongo mweusi akaushindilia kwa kisigino. Ukiitazama kwa juu, ilikuwa sawa na mingine.

Masika yakanyesha vizuri mwaka ule. Bondeni maji yalijaa mashimoni yakatuama. Miche ya pale ilianza kuwa ya manjano, kisha ikalainika, kisha ikalala chini ikinuka kama viazi vilivyooza. Kwingine kote uzio ulisimama imara, wa kijivu, umeshonana. Tekla alingoja kuagizwa apande upya. Meneja alipita na gari, akasimama bondeni, akatazama, akaondoka bila neno. Tekla akaona hiyo ni huruma yake, kwamba mtu mzima ameamua kufumba macho. Moyo ukamtulia.

Akaenda bomani.

"Baba, pale bondeni pamefunguka. Mkonge umekufa. Pitisheni ng'ombe, ila msikawie."

"Umekufa wenyewe?"

"Umekufa, baba."

Kwa mara ya kwanza mzee akamwita kwa jina ambalo watu wa boma lile waliwaitia mabinti zao.

Kwa siku chache ng'ombe walipita salama. Kisha, adhuhuri moja, Nicodemo, mkuu wa walinzi, alitokea na watu wake kwenye ngano iliyokuwa imefika kiunoni. Walikuwa wamelala humo wakivizia tangu alfajiri. Walipuliza filimbi na kupiga madebe. Ng'ombe walikuwa katikati ya mwanya. Wa mbele wakarudi, wa nyuma wakasukuma, na kwa kuwa hapakuwa na pa kutokea, walijitupa kwenye mkonge pande zote mbili. Tekla alisikia vilio vyao akiwa kitaluni. Alipofika alikuta ng'ombe wa kienyeji mwekundu, mwenye mimba, mwiba umemwingia jichoni na kuvunjikia humo. Wengine walivuja damu kwenye viwele. Gidahosh alikuwa amekaa chini, amefungwa mikono, shuka lake limechanika.

Ng'ombe waliswagwa mpaka kwenye ua wa shamba, wakafungiwa bila maji. Watatu walitupa mimba humo.

Tekla alimfuata Gidahosh mahabusu Katesh, akamwambia yote kupitia dirisha: mashimo, udongo, masika. Hakuficha.

"Kwa hiyo mwanya ulikuwa wako," mzee alisema.

"Ulikuwa wangu, baba. Nilitaka mpite."

"Uzio mzima hauna tundu, ukatuachia tundu moja. Ukaja kunionyesha kwa mdomo wako. Na walinzi wakalala hapo hapo."

"Mimi sikuwaambia, baba. Naapa."

"Nenda," alisema, kwa sauti ya chini, na akageukia ukutani.

Tekla akarudi moja kwa moja ofisini kwa meneja. Alikuwa tayari kufungwa yeye.

"Mzee yule hana kosa. Mwanya niliufanya mimi. Niliizamisha miche makusudi."

Gervasi hakushtuka. Alimkaribisha kiti.

"Tekla, mkonge wako umeota mpaka kwenye mawe. Uoze pale tu? Nilijua siku ile ile niliyoshuka kwenye gari. Lakini nikafikiri: uzio usio na mwanya, utalinda wapi? Pande zote. Wenye mwanya mmoja, unalinda mahali pamoja." Akatabasamu. "Umetusaidia sana. Nenda kapumzike."

Aliacha kazi wiki hiyo. Hakuna aliyemshitaki, uongozi ulimwandikia barua ya shukrani, akaichoma. Alipofika Gehandu boma lilikuwa tupu. Majirani walisema mzee alipotoka mahabusu, yeye na watu wake walihama kuelekea Singida na ng'ombe waliosalia. Tekla akarudi Nambis, akalima mahindi na maharage kwa mama yake.

Ilipita miaka mingi, na shamba lenyewe likawa linakufa, matrekta yamesimama yameshika kutu. Siku ya mnada wa Mogitu alimwona mke mkubwa wa Gidahosh akinunua chumvi. Alikuwa amezeeka, lakini alimtambua. Tekla akamsalimia, akamshika mkono, akamweleza kila kitu haraka haraka, hata maneno ya meneja, kama mtu anayeogopa kukatizwa.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikufa mwaka juzi," alisema. "Jina lako alikataza lisitajwe nyumbani. Watoto wamekua hawalijui." Akaifunga chumvi yake kwenye pindo la kanga. "Sasa ukweli huu, mwanangu, nimpelekee nani?"

Akauchukua mzigo wake, akaenda kuwatafuta watu wake upande wa ng'ombe.